Postmotamu mbili, maiti mmoja: ya kwanza naipa nyota 1, ya pili naipa 4

Sikuwahi kufikiria kama iko siku ntakaa niandike maoni kuhusu huduma ya kupasua maiti, watu huandika kuhusu hoteli na mafundi wa friji, lakini pesa nililipa, risiti ya M-Pesa ninayo, na tangu tumzike kijana wetu nshapigiwa simu na familia tatu zinauliza nyinyi mlifanyaje, kwa hivo naandika mara moja nipumzike. Jina la hospitali na majina ya madaktari sitaji. Wa kwanza sitaki kesi, wa pili hajaniruhusu.

Kisa chenyewe. Mtoto wa ndugu yangu, miaka 27, mzaliwa wa Mombasa, alikua amepata kazi ya kiwanda Limuru. Mtu wa pwani umpeleke Limuru mwezi wa saba, unajua mwenyewe, alikua akipiga simu anasema ami huku hata maji ya kunywa yanauma meno. Wamepanga chumba kimoja yeye na mwenzake, na mwenzake yuko shifti ya usiku. Asubuhi moja mwenzake anarudi anakuta mlango umerudishwa tu, anaita haitikiwi, anaingia anamkuta kijana kitandani, kichwa kimening'inia ukingoni, hudi ameivaa na kamba ya kofia ameikaza mpaka chini ya kidevu. Ashakufa.

Polisi walipokuja wakaona alama shingoni, mstari kama wa kamba, halafu wakasikia kwa majirani ya kwamba wale wawili wiki ile waligombana juu ya deni la elfu 6. Basi. Mwenzake akatiwa pingu, mahakama ikawapa polisi siku za kumshikilia wafanye uchunguzi, na sisi huku Mombasa tunaambiwa kijana wenu amenyongwa.

Sasa huduma ya kwanza. Daktari yule wala simsemi kwa roho mbaya, si mtaalamu wa patholojia, yaani kuchunguza maiti amekufa na nini, ni daktari wa kawaida aliyebebeshwa kazi ile kwa sababu hakuna mwingine, na foleni ya wagonjwa walio hai inamngoja nje. Niliingia nikamtambua maiti, nikatoka nikakaa kwenye benchi, chai ya kikombe cha plastiki hata sijaimaliza naitwa, imekwisha. Dakika 25 kwa saa yangu mimi. Ripoti ina mistari miwili. Sababu ya kifo: asfiksia. Chini yake: damu imevilia nyuma ya koo. Nikamuuliza daktari hii asfiksia ndio nini, akaniambia ni kukosa hewa. Amekosaje? Akasema hio ni kazi ya polisi. Nikaenda kwa polisi, nao wakaniambia mzee, si daktari ashasema.

Yaani hapo ndipo utajua kwamba neno lile si jibu. Kila mtu hufa mwisho wake hewa haifiki kwenye ubongo, awe kanyongwa, kazama, kabanwa na ukuta ulioporomoka, kasakamwa na nyama, kalala mlevi shingo imejikunja, au kavuta hewa mbovu. Asfiksia inakwambia mwili ulifika wapi, haikwambii ulipitia njia gani, na kesi yote iko kwenye njia. Mwenzake yuko selo kwa sababu ya neno moja ambalo halikumaliziwa.

Wa kuniambia tafuta daktari wenu wenyewe alikua jirani yangu hapa Mombasa, na alinikumbusha yale ya Albert Ojwang, yule mwalimu na bloga aliyefia mikononi mwa polisi Nairobi Juni 2025, mwezi mmoja tu kabla ya msiba wetu. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Ikaja postmotamu, Dkt Bernard Midia na wenzake, wakasema kichwa kimeumia, shingo imebanwa, na majeraha yametapakaa mwilini, tena mtu akijigonga ukutani damu ingevilia upande wa mbele, sio pande zote kama walivyoikuta. Nchi nzima ilisikia. Kwa hivo nilikua najua kwamba shingo ikifunguliwa na mtu anayejua hua inazungumza, kitu ambacho sikukijua ni kwamba ikifunguliwa na asiyejua inaweza kuzungumza uongo.

Daktari wa pili, mwanapatholojia, tulimpata Nairobi. Nyota ya kwanza nampa kwa simu tu. Kabla ya bei aliniuliza maswali manne: maiti ametiwa dawa? Nguo zake ziko wapi? Nani ana picha za chumba? Na chumba kimeshafagiliwa? Kuhusu dawa ni muhimu nisisitize, mochari nyingi maiti akifika tu wanampiga sindano ya fomalini asioze, na ukishafanya hivo vipimo vingi vya damu vimeharibika. Sisi bahati yetu ni dini, tulishakataa dawa tangu siku ya kwanza kwa sababu tulidhani tutazika siku ile ile. Bei elfu 45, pamoja na ripoti, nje ya hio kuna ada ya mochari kutumia meza yao na pesa ya maabara. Ghali, sikatai. Tulichangishana kwenye grupu ya familia.

Ugomvi mkubwa haukua pesa, ulikua kumfungua mara ya pili. Babake mdogo mmoja alisimama kwenye kikao akasema kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuvunja wa mtu aliye hai, na nyinyi mshamvunja mara moja. Ni hadithi ya Mtume, hakuna wa kuijibu pale. Shekhe wetu ndiye aliyetuliza, akauliza swali moja tu, yule kijana aliyeko selo ana mama? Tukanyamaza. Akasema basi mfungueni.

Siku yenyewe daktari alinipa aproni na barakoa, akaniambia mzee ukihisi kizunguzungu kaa chini usisubiri kuanguka, mimi sina wa kukuokota. Saa nzima ya mwanzo hakushika kisu. Alisoma ile ripoti ya mistari miwili, akatandaza nguo juu ya karatasi nyeupe, akaichukua ile hudi akaifunga kamba yake na kuipima na rula, akapima na alama ya shingoni, akapiga picha. Upana ule ule, na mafundo ya ncha za kamba yameingia pale pale. Ndio akaanza kumtazama kijana mwenyewe, kope akazigeuza nje, midomo akaifunua ndani, nyuma ya masikio, kucha moja moja.

Kwenye kope alikua anatafuta vidoa vyekundu, vidogo kama umechomwa na ncha ya sindano, hutokea damu ikizuiliwa kurudi kutoka kichwani mishipa midogo ikapasuka. Akaniambia zamani watu waliviamini sana hivi, kuna Mfaransa wa karne ya 19 aitwaye Tardieu aliviona kwenye mapafu ya watoto waliozibwa pumzi akaona ashapata muhuri wa muuaji, kumbe vinatoka hata kwa mtu wa ugonjwa wa moyo, hata kwa aliyekohoa sana, hata maiti akilala kichwa chini vinajitokeza vyenyewe. Kijana wetu alikua navyo vichache, na kichwa chake kilikua kimening'inia. Kwa hivo havisemi kitu. Nilipenda alivyosema, "hivi ukivikosa usifurahi na ukivipata usiruke."

Kucha sasa. Mtu akikosa hewa unatarajia kucha za samawati, zimepiga weusi. Zake zilikua za waridi, kama za mtu aliyetoka kuoga maji moto. Ndani ya midomo vile vile, na nyayo. Sisi ngozi zetu nyeusi rangi ile huioni mgongoni wala mapajani kama wanavyoionyesha vitabuni, lazima utafute pale palipo peupe, na yule wa kwanza nadhani hakufunua hata mdomo. Lakini hapa pia daktari hakuruka, akasema friji nayo humfanya maiti awe wa waridi, baridi inafanya hivo, na huyu amekaa kwenye friji siku kadhaa. Akaandika, akaendelea.

Halafu shingo, na hapa ndipo nilipoona tofauti ya elfu 45. Sheria ya kazi yao ni kwamba shingo inakuja mwisho. Kwanza unafungua kichwa, unatoa ubongo, unafungua kifua, unatoa moyo, damu yote ya shingoni inajichuja kushuka, unaacha shingo kavu kabisa, ndio unaingia kwa mbele, ngozi, halafu misuli safu kwa safu, kila msuli unaufunua kama ukurasa unautazama mbele na nyuma. Ukianza na shingo ikiwa bado imejaa damu, ukavuta ulimi na koo kwa nguvu ili utoe vyote kwa pamoja, vile vimishipa vya nyuma vinapasuka damu inamwagika nyuma ya umio, mbele ya uti wa mgongo, na ukitazama unaona kama mtu amekabwa. Kumbe umemkaba wewe na kisu chako. Hili si jambo jipya hata, kuna madaktari wawili wa Afrika Kusini, Prinsloo na Gordon, waliliandika mwaka 1951 na mpaka leo linaitwa kwa majina yao.

Na ndio ile "damu imevilia nyuma ya koo".

Daktari alinionyesha. Yule wa kwanza alikua amepasua kifua akavuta kila kitu kutoka chini, kichwa hakukigusa. Doa la damu lipo, jeusi, kubwa kama kiganja cha mtoto, lakini liko nyuma tu, mahali ambapo kidole cha mtu anayekukaba hakifiki. Misuli ya mbele, ambayo ndiyo ingepondwa, safi. Chini ya ile alama ya kamba ya hudi akachana ngozi taratibu, kweupe, hakuna hata tone limeingia kwenye mafuta ya chini ya ngozi. Alama ya kamba iliyovutwa na mtu hukauka ikawa ngumu rangi ya ngozi ya ngoma, na huzunguka shingo, ya kujinyonga hupanda kuelekea kwenye fundo. Hii yetu ilikua ni mkunjo wa nguo umekandamiza mahali damu ilikua inatuama, basi pakabaki peupe. Alikata vipande hata hivo vya kupeleka kwenye maikroskopu.

Nilimuuliza kuhusu ule mfupa wa koo, maana kwenye filamu ndio kila kitu, mfupa ukivunjika amenyongwa usipovunjika hakunyongwa. Akacheka kidogo. Ule mfupa wa ulimi, umbo kama kiatu cha farasi, kwa kijana bado unapinda, sehemu zake hazijaungana sawasawa, unaweza ukamnyonga mtu wa miaka 20 na usivunjike, na unaweza ukaukuta umevunjika kwa mzee na aliyeuvunja ni mpasuaji. Ukivunjika unatazama damu pembeni yake, ipo au haipo. Wetu ulikua mzima, na akaandika ni mzima bila kuongeza neno.

Wakati anasubiri msaidizi alete chupa alinisimulia habari za Burke na Hare, Edinburgh, mwaka 1828. Wawili hawa waliua watu 16 wakiwauza kwa mwalimu wa anatomia, na njia yao ilikua kumlewesha mtu halafu kumkalia kifua na kumziba pua na mdomo, na daktari aliyemchunguza maiti wa mwisho alishindwa kuapa kwamba ameuawa, mwili haukua na kitu cha kutosha. Hare ilibidi asamehewe ili amtolee Burke ushahidi. Alinisimulia ili nielewe kwamba maiti safi si ushahidi kwamba hakuuawa. Nikamwambia daktari, wewe uko upande gani, akasema sina upande mpaka maabara.

Kilichofuata ntakikumbuka mpaka nife. Alichota damu kwenye mshipa mkubwa wa paja, chupa mbili za maabara, na kidogo akaiweka kwenye gilasi ndogo ya maji. Halafu akavua glavu, akanawa, akajichoma kidole mwenyewe na sindano mpya, matone ya damu yake kwenye gilasi ya pili. Akatia dawa moja kwenye zote mbili, sodiamu haidroksaidi, ile magadi kali ya kuzibulia mabomba. Damu yake ikageuka pale pale, rangi ya matope. Ya kijana wetu ikabaki ya waridi. Tukasimama tunaziangalia zile gilasi mbili kwenye dirisha, hakusema kitu, mimi pia. Ni kipimo cha zamani sana, cha Mjerumani Hoppe-Seyler, na alisema hakiingii kwenye ripoti, ni cha kumwambia yeye atazame wapi.

Halafu ndio akaniuliza: chumba kile, jiko liko wapi?

Jiko halikuwepo. Hakuna polisi aliyeliona, halimo kwenye picha zao. Lakini mwenzake kabla ya kukamatwa alikua ametutumia picha kwa WhatsApp kutuonyesha kijana alivyolala, nikaifungua pale pale mochari, daktari akaikuza kwa vidole viwili, na kwenye karpeti ya plastiki karibu na kitanda kuna duara. Duara jeusi, limeungua vizuri, ukubwa wa sahani ya wali. Na dirisha limeshindiliwa gunia na magazeti.

Tulirudi Limuru na afisa mmoja, jirani kuulizwa mara moja tu akalia. Alikua ameingia na mwenzake asubuhi ile, akaona jiko bado lina moto, akaogopa lisiunguze nyumba, akalitoa nje. Na makaa yaliyobaki akapikia chai. Hakuna aliyemuuliza kuhusu jiko, naye hakujua kama ni neno.

Makaa yakiwa na moshi watu hukimbia, yakishakolea yakawa mekundu bila moshi ndio watu huyaingiza ndani wakidhani yashakua salama, na ndio wakati yanatoa kaboni monoksaidi kwa wingi, haina harufu, haina rangi, haichomi macho. Ile himoglobini ya damu, inayobeba oksijeni mwilini, inaishika hio hewa zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni, kwa hivo damu inazunguka imejaa abiria asiyeshuka. Na damu iliyojaa hio hewa ni nyekundu nzuri, ndio zile kucha.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya wiki tatu: asilimia 58 ya himoglobini yake ilikua imeshikwa na kaboni monoksaidi. Mvutaji sigara sugu anaweza kufika 10 hivi. Pombe hakuna. Maikroskopu ya shingo, hakuna dalili ya jeraha alilopata akiwa hai. Na ripoti ya mwisho haikuandika asfiksia peke yake, iliandika sumu ya kaboni monoksaidi kutokana na jiko la makaa kwenye chumba kisicho na hewa, namna ya kifo ni ajali, na iliandika pia kurasa mbili nzima kwa nini si kunyongwa. Kurasa zile mbili ndizo zilizomtoa mwenzake. Daktari akasema hio ndio ripoti, kusema kitu gani sio na kwa nini, maana kesi nyingi za kukosa hewa mwili peke yake hausemi, unajumlisha chumba, nguo, mwili na maabara. Hata Shakahola kule Kilifi 2023, ule msitu wa waumini waliofungishwa mpaka kufa, miili zaidi ya 400 imefukuliwa, mwanapatholojia mkuu wa serikali Dkt Johansen Oduor na timu yake walikuta wengi ni njaa lakini baadhi, wakiwemo watoto, walinyimwa pumzi. Wasingechukua mmoja mmoja, wote wangeandikwa njaa.

Jambo jingine la nyota, kushona. Watu hawalisemi hili. Ya kwanza alishonwa kwa uzi kama wa gunia, sindano kubwa, mishono mbali mbali, na kila akigeuzwa anavuja. Wa pili alifumua yote akashona upya kwa mishono midogo ya kubana, kichwani akaipitisha nyuma ya masikio chini ya nywele, na tulipomwosha hakuvuja hata tone, sanda ilibaki nyeupe mpaka kaburini. Mamake aliombwa amuage akamuona uso mzima. Hilo tu kwangu lina thamani ya nusu ya ile pesa.

Nyota moja nimeikata kwa nini? Kwanza alichelewa masaa mawili siku ile bila kupiga simu, na sisi tuko kwenye baridi na maiti. Pili, na ndio kubwa, mbele yangu alizungumza Kiswahili kizuri kuliko changu lakini ripoti ni Kiingereza kurasa 11, na shemeji yangu, mama mzazi, alikua anataka kusoma mwenyewe mwanawe amekufaje. Nilimuomba daktari ampigie simu dakika tano, akasema sawa, hakupiga mpaka nilipomkumbusha mara ya tatu. Alipopiga alimweleza vizuri, alimwambia mama hakuumia, alilala tu hakuamka, shemeji akanirudishia simu akaenda kuswali. Lakini mara tatu jamani.

Namba yake msiniombe hapa kwa wote, anayehitaji kweli anitafute faragha. Na jiko lenyewe liko kituo cha polisi mpaka leo kama ushahidi, yule jirani amenipigia juzi anauliza litarudishwa lini, maana si la kijana wetu wala si lake, ni la mwenye nyumba, na mwenye nyumba analidai.